Vyuo vya kuongeza kwa mwanafunzi mwenye alama za juu

Ndugu yetu,

Salaam, na hongera sana kwa matokeo ya kijana. Umesema kwamba tayari amechagua Harvard, Stanford na MIT za Marekani, kwamba anapenda hisabati na sayansi ya kompyuta, na kwamba sasa mnatafuta vyuo vya kuongeza. Ushauri wangu ni kwamba msiongeze hata kimoja cha kiwango hicho mpaka mmepata viwili ambavyo vitamkubali bila wasiwasi, ambavyo ada yake mnaimudu, na ambavyo yeye mwenyewe angekwenda kwa moyo mkunjufu.

Vyuo hivyo vitatu huchukua chini ya asilimia 5 ya waombaji, na wengi wanaokataliwa wana alama kama zake. Wazazi hudhani kwamba mtu akiomba vyuo kumi vya namna hiyo, uwezekano wa kila kimoja unajumlishwa mpaka unakuwa mkubwa. Sivyo, kwa sababu vyote vinasoma barua zilezile za walimu na orodha ileile ya shughuli, vikitafuta mambo yanayofanana, na upungufu uliokifanya chuo cha kwanza kisite ni rahisi uonekane na cha tisa pia. Nyongeza inasaidia kidogo, lakini kila moja inadai insha zake za maombi, na insha ya kumi iliyoandikwa kwa uchovu hujulikana mara moja.

Kichujio cha kwanza kiwe fedha, na hapo mwanzo wa yote ni hadhi ya kijana kisheria, wala si shule aliyosoma. Mtoto aliyekulia Marekani kwa viza ya mzazi huhesabiwa na vyuo vingi kuwa mwanafunzi wa kigeni inapofika kwenye msaada wa fedha, hata kama hajapata kusoma kwingine, ilhali mwenye uraia au ukaazi wa kudumu hujaza fomu ya FAFSA na kuomba msaada wa serikali kama wenzake. Kwa wageni, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin huamua udahili bila kutazama uwezo wa familia, kisha hutimiza mahitaji yote yaliyothibitishwa, yaani sehemu ya gharama ambayo familia haiwezi kulipa. Stanford nayo hutoa msaada mkubwa, ila kwa mgeni ombi la msaada linaweza kuzingatiwa wakati wa kuamua kama atachukuliwa. Berkeley na UCLA, vyuo vya umma vya California, ni hodari mno katika sayansi ya kompyuta, lakini kwa kawaida hazimpi mwanafunzi wa kigeni msaada unaotokana na mahitaji, kwa hiyo familia isiyoweza kubeba gharama yote isiziweke kwenye orodha kwa sababu ya sifa zake tu.

Chuo cha uhakika, yaani kile kitakachomkubali bila wasiwasi, nacho kichunguzwe vizuri, maana hapa ndipo wanafunzi wenye alama za juu wanapoumia. Mara nyingi chuo kikuu cha umma cha jimbo mnaloishi ndicho mahali pa kuanzia, hasa kikiwa na programu maalumu ya wanafunzi waliofaulu sana, yenye madarasa madogo na nafasi ya kufanya utafiti mapema. Hata hivyo, msitazame kiwango cha udahili cha chuo kizima. University of Illinois Urbana-Champaign na University of Washington huchukua wanafunzi wengi kwa ujumla, lakini nafasi za sayansi ya kompyuta ni chache na zinagombewa vikali, na aliyekubaliwa na chuo bila kukubaliwa na idara anaweza kukuta mlango wa somo hilo umefungwa. Ulizeni idara yenyewe kama mwanafunzi anaweza kuhamia humo baadaye, na kwa masharti gani.

Mkifikiria nje ya Marekani, Uingereza inaruhusu machaguo matano kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya huko, na mtu haombi Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja. Tarehe ya mwisho ya vyuo hivyo viwili ni 15 Oktoba. Kwa kuwa maelezo binafsi, yaani andiko la mwombaji kujieleza, ni yaleyale kwa machaguo yote, ni vema kozi zote tano zifanane. Kanada, University of Toronto ina ufadhili wa Lester B. Pearson kwa wanafunzi wa kigeni, lakini ni lazima shule ndiyo impendekeze mwanafunzi, kwa hiyo mzungumze na shule mapema.

Baada ya fedha na uhakika, kilichobaki ni kazi ya kijana mwenyewe. Afungue orodha ya kozi za idara, atazame ni zipi zilizofundishwa kweli muhula uliopita, na ni nani anayefundisha hisabati za mwaka wa pili na wa tatu. Kisha aandike aya moja inayoeleza kwa nini anataka chuo hicho. Aya hiyo ikiweza kubadilishiwa jina la chuo na ikabaki kweli, chuo hicho hakijapata sababu ya kuwamo kwenye orodha.

Kuhusu wakati, tahadharini na maombi ya mapema yanayomfunga mwanafunzi, kwa sababu akikubaliwa analazimika kufuta maombi mengine, na ninyi mnakosa nafasi ya kulinganisha barua za msaada wa fedha kutoka vyuo mbalimbali. Maombi ya mapema ya MIT, ambayo mwisho wake ni 1 Novemba, hayamfungi, na majibu huja katikati ya Desemba. Vyuo vingi vingine hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na wiki hizo chache hazitoshi kuanza insha upya, hasa kwa kijana aliyetoka kupokea jibu la kukataliwa. Naomba sana insha za vyuo vya uhakika ziandikwe kwanza, angali na nguvu na matumaini.

Tuandikieni hadhi yake ya ukaazi, jimbo mnaloishi, na kiasi ambacho familia inaweza kulipa kwa mwaka bila mkopo. Tukishajua hayo matatu, wenye watoto waliopitia njia hii tutaweza kuwatajia vyuo kwa majina.