Majibu ya kinyama cha mama: PD-L1 iko juu, tuanze dripu au tusubiri?

BintiSame:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ana miaka 58, hajawahi kuvuta sigara. Alikohoa mpaka akaanzishiwa dawa za TB ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Baadaye CT ikaonyesha uvimbe pafu la kulia, akachukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa). Majibu: adenokasinoma (aina ya kansa ya pafu), protini za TTF-1 na Napsin A chanya, p40 hasi, PD-L1 asilimia 60 ya seli za uvimbe. Daktari anataka tusubiri vipimo vya EGFR na ALK. Kaka zangu wamesikia PD-L1 ikiwa juu kuna dripu ya kuamsha kinga, wanataka kuuza kiwanja aanze hata kesho. Shangazi naye kasikia hivyo vilivyopimwa ni protini, kamkataza mama mayai, maharage na nyama, na mama anazidi kukonda. Tufanyeje? Na hizo protini, pafu lenye afya halina?

MzeeWaSlaidi:
Pole sana binti. Nimefanya kazi maabara ya patholojia. TTF-1 na Napsin A hata pafu lenye afya linazo. Seli za vifuko vya hewa huzitengeneza kila siku. Kansa yenyewe tunaitambua kwa umbo na mpangilio wa seli kwenye hadubini. Protini hizo mbili zinatuonyesha kwamba uvimbe umeanzia pafuni, haukuhamia kutoka titi au utumbo. p40 ingekuwa chanya, tungefikiria kansa ya skwamasi, aina nyingine ya kansa ya pafu.

Mara nyingi tofauti iko kwenye kiasi cha protini na tabia yake. EGFR ipo hata kwenye seli zenye afya: hupokea ujumbe wa kukua, kisha hutulia. Jeni yake ikibadilika, haitulii tena. ALK ni habari nyingine. Pafu la mtu mzima karibu halina kabisa, ila jeni yake ikikatika na kuungana na jeni nyingine iitwayo EML4, jambo lililogunduliwa 2007, seli huanza kutengeneza protini isiyo ya pale. Ndiyo maana daktari anasubiri hizo mbili.

DaktariPwani:
Msikilizeni daktari wenu. PD-L1 ni protini ambayo seli za uvimbe huiweka juu yake ili askari wa mwili wazipite bila kuzigusa. Kwa asilimia 60, dripu ya pembrolizumabu huwasaidia wagonjwa wengi. Lakini kwa mtu asiyevuta sigara, uwezekano wa EGFR iliyobadilika huwa mkubwa zaidi, na hapo dripu hiyo mara nyingi haifui dafu hata PD-L1 ikiwa juu. Vidonge vya kuzuia EGFR, kama osimertinibu, ndivyo humfaa. Hatari zaidi ni kuanza dripu, kisha kuhamia osimertinibu muda mfupi baadaye: mapafu yanaweza kuvimba vibaya, na wapo waliokufa kwa hilo. Tafadhali kiwanja kisiuzwe sasa. Pumzi ikimbana msingoje majibu, mrudisheni hospitali; kemo ya kawaida inaweza kuanza bila dripu ya kinga.

MamaWawili:
Dada, mpe mama mayai leo hii! Protini ya chakula inasagwa tumboni, haiendi kuwa EGFR ya uvimbe. Mume wangu alitumia erlotinibu, nayo ni kidonge cha kuzuia EGFR, akapata upele usoni na kuhara, kwa sababu ngozi na utumbo navyo vina EGFR. Aliyekonda kabla ya kuanza anateseka mno. Dagaa, maharage, maziwa, chochote kinachopita. Shangazi mwambieni kwa heshima, anampenda wifi yake.

BintiSame:
Mungu awabariki. Kaka mkubwa amekubali kusubiri. Anauliza: majibu yakichelewa, tunaweza kupeleka maabara nyingine bila mama kuchomwa tena?

MzeeWaSlaidi:
Mnaweza. Kinyama kimegandishwa kwenye nta, kinakaa miaka. Ombeni kipande chenyewe cha nta pamoja na nakala ya ripoti, msipewe slaidi peke yake. Wakisema nyama iliyobaki ni ndogo, ulizeni kama EGFR inaweza kupimwa kwa damu. Damu ikitoka hasi, bado haijafuta uwezekano, kwa hiyo msiitupe nta.