Dola 5 za Henry Ford: acheni kutuhubiria nusu ya habari

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira ambayo nimeikalia siku 5 nikidhani itapoa, na haijapoa. Alhamisi iliyopita uongozi wa kiwanda ninachofanyia kazi, ambacho sitakitaja, ulitukusanya wafanyakazi wa zamu ya asubuhi ukumbini kwa kile kilichoitwa semina ya kuongeza tija. Mkufunzi aliyekodiwa kutoka nje akawasha projekta, ukutani ikatokea picha ya gari jeusi aina ya Model T, na kwa dakika 40 tukahubiriwa habari za Henry Ford: mtoto wa mkulima wa Michigan aliyevumbua gari, akavumbua kiwanda cha kisasa, kisha kwa moyo wake mwema akawaongezea wafanyakazi mshahara mara mbili bila hata mmoja wao kuomba. Hapo akanyamaza kidogo, akatutazama, akasema kwamba wafanyakazi wa Ford hawakugoma wala hawakudai; walichapa kazi, na tajiri mwenyewe akaona. Mazungumzo ya mkataba wetu wa hali bora yamekwama tangu mwezi wa tatu. Kila aliyekuwa ukumbini alielewa maneno yale yanamlenga nani.

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha na chai inapoa. Niliyonyimwa nafasi ya kuyasema pale nayasema hapa, kwa sababu hadithi hiyo hiyo naiona ikizungushwa kila mwaka kwenye makundi ya simu na kwenye kurasa za wahamasishaji, na kila inapopita inazidi kupunguzwa watu.

Ya kwamba Ford alivumbua gari sitapoteza muda nayo. Karl Benz alipata hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, ya gari lake Ujerumani mwezi wa Januari 1886, miaka 10 kabla Ford hajaendesha kigari chake cha kwanza katika mitaa ya Detroit. Kampuni ya Ford tunayoijua, iliyoandikishwa tarehe 16 Juni 1903, ilikuwa ya tatu kwake: ya kwanza ilikufa, ya pili aliachana na wenye mtaji wake, nao wakaigeuza kuwa kampuni ya magari ya Cadillac. Hata injini na chasisi, yaani fremu za chini, za magari ya mwanzo zilitengenezwa kwenye karakana ya ndugu wawili, John na Horace Dodge. Hakuna aibu katika hayo. Aibu ni kuyafuta.

Tuje kwenye laini ya kuunganishia magari, kwa maana humo ndimo dola 5 zilimozaliwa. Model T ilitoka Oktoba 1908 ikiuzwa takriban dola 850, na wateja walikuwa wengi kuliko magari. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, wahandisi na nyapara wa Ford walianza kujaribu jambo ambalo wachinjaji wa Chicago walikuwa wakilifanya kinyume: kule ng'ombe aliyening'inizwa alipita mbele ya watu na kila mmoja akakata kipande chake; huku gari litapita mbele ya watu na kila mmoja ataongeza kipande chake. Walianzia kwenye magneto, kifaa kinachozalisha cheche za injini. Fundi mmoja aliyezoea kuiunda magneto nzima mwenyewe alitumia kama dakika 20. Kazi ile ikagawanywa kwa watu 29 waliosimama kwenye meza ndefu, huyu anaweka sumaku, yule anakaza nati mbili, wa tatu anasukuma mbele, na muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde kadhaa. Baadaye, meza ilipoinuliwa na mnyororo kuongezwa, ukafika dakika 5. Chasisi nzima, iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu kuunganishwa, ilifika dakika 93.

Mimi nimesimama kwenye laini miaka 14, na naomba mniamini ninaposema kwamba dakika hizo zilitoka mwilini mwa mtu. Fundi aliyekuwa na ufundi wake, aliyejua kuchonga, kupima na kurekebisha, aliambiwa akaze nati ile ile kutwa nzima kwa kasi ambayo si yeye aliyeipanga. Mafundi wakaondoka. Hawakuandamana, hawakuandika barua, waliacha tu kazi na kwenda kuitafuta kwingine, kwa kuwa Detroit ya wakati ule ilikuwa na viwanda vya magari kila upande. Mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000 ili kubaki na wafanyakazi takriban 14,000. Fikirieni gharama ya kumfundisha mtu kazi Jumatatu na kumfundisha mwingine kazi hiyo hiyo Ijumaa. Mkufunzi anatuambia hawakudai! Walidai kwa miguu yao.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo tarehe 5 Januari 1914, siku kampuni ilipowaita waandishi wa habari na James Couzens, mweka hazina wake, akasoma tangazo la dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo kima cha chini kilikuwa dola 2.34 kwa saa 9. Sasa sikilizeni sehemu ambayo haikuwa kwenye projekta. Mshahara haukupanda kuwa dola 5. Mshahara ulibaki karibu pale pale, na kiasi kilichobaki kikaitwa gawio la faida, nalo lilikuwa na masharti. Ilibidi uwe umefanya kazi miezi 6. Ilibidi uwe mwanamume wa miaka 22 au zaidi, au kama hujafika umri huo uwe na watu wanaokutegemea. Wanawake waliachwa nje mwanzoni. Na zaidi ya yote, ilibidi uishi maisha ambayo kampuni imeyaridhia.

Kampuni iliunda idara nzima kwa kazi hiyo, iliyoitwa Idara ya Sosholojia, na wakaguzi wake walikuwa wakienda majumbani. Piga picha ya mgeni mwenye daftari anayebisha hodi nyumbani kwako ukiwa kazini. Anamuuliza mke wako kama mmefunga ndoa halali, anataka kuona kitabu cha benki, anahesabu wapangaji mliowapangisha chumba cha nyuma, anachungulia usafi wa jikoni, kisha anapita kwa jirani kuuliza kama huwa unarudi umelewa. Aliyeonekana hafai alirudishwa kwenye kiwango cha chini na kupewa muda wa kujirekebisha, na asiporekebika aliachishwa kazi. Wahamiaji wasiojua Kiingereza walipelekwa kwenye shule ya kampuni. Huyo ndiye baba mwema tuliyehubiriwa, baba anayefungua sufuria zako kabla hajakulipa jasho lako.

Habari za dola 5 zilipoenea, maelfu ya watu wasio na kazi walifurika kwenye lango la Highland Park katika baridi ya Januari, wengine wakiwa wamesafiri kutoka majimbo ya mbali. Nafasi hazikutosha. Wiki moja baada ya tangazo, umati uliposukumana langoni, walifunguliwa mipira ya zimamoto na kumwagiwa maji katika baridi ya kugandisha. Naomba mlikumbuke hilo la maji, maana litarudi.

Je, Ford alipata hasara kwa ukarimu huo? Watu wakaacha kuondoka, mafunzo ya kila wiki yakakoma, laini ikaenda kwa kasi zaidi, na kati ya 1914 na 1916 faida ya kampuni ikawa karibu mara mbili. Ford mwenyewe aliandika baadaye kwamba malipo ya dola 5 yalikuwa miongoni mwa hatua bora kabisa za kupunguza gharama walizowahi kuchukua. Ni maneno ya mwenyewe. Nashindwa kuelewa kwa nini wahubiri wake wanamkanusha.

Nisidhaniwe ninakataa kila kitu. Bei ya Model T ilishuka hadi chini ya dola 300 katika miaka ya 1920, na mkulima wa kawaida wa Marekani akapata gari. Magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa hadi 1927. Dola 5 zilijenga nyumba nyingi za kweli Detroit. Ford aliajiri Wamarekani weusi kwa maelfu wakati viwanda vingine vya magari viliwafungia mlango, ingawa wengi aliwapeleka kwenye kusubu chuma, penye joto na hatari kuliko pote. Siingii pia kwenye gazeti lake, Dearborn Independent, lililosambaza chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka. Hilo linastahili uzi wake. Hapa nashughulika na dai moja tu, kwamba wafanyakazi wa Ford hawakudai na hawakugoma.

Tarehe 7 Machi 1932, mdororo wa uchumi ukiwa umewaacha maelfu kwa maelfu bila kazi Detroit, watu wasiopungua 3,000, wengi wao wakiwa wameachishwa na Ford, waliandamana kuelekea kiwanda kikubwa cha River Rouge huko Dearborn. Madai yao yapo kwenye maandishi na yeyote anaweza kuyasoma: warudishwe kazini, kasi ya laini ipunguzwe, wapewe mapumziko mafupi mara mbili kwa siku, wapewe makaa ya kuotea moto wakati wa baridi, watibiwe bure katika hospitali ya Ford, ubaguzi dhidi ya watu weusi ukome, na wawe na haki ya kuunda chama. Walipovuka mpaka wa Dearborn walipokelewa kwa mabomu ya machozi. Walipokaribia lango walimwagiwa maji ya baridi kwa mipira ya zimamoto, kama miaka 18 iliyotangulia. Kisha polisi na walinzi wa kampuni wakafyatua risasi. Wanne waliuawa, akiwamo Joseph Bussell, kijana wa miaka 16. Wa tano, Curtis Williams, alikufa miezi michache baadaye kwa majeraha, na kwa kuwa alikuwa mweusi makaburi waliyozikwa wenzake yalikataa kumpokea. Hakuna askari wala mlinzi aliyefungwa.

Walinzi hao walikuwa chini ya Harry Bennett, bondia wa zamani aliyepewa na Ford idara iliyoitwa ya Huduma, ambayo huduma yake ilikuwa kupeleleza wafanyakazi na kuwapiga. Mwaka 1937, General Motors ilikuwa imekwisha kukubali chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, baada ya wafanyakazi wake wa mji wa Flint kukalia viwanda kwa siku 44 na kukataa kutoka. Chrysler ikafuata mwaka huo huo. Ford akaapa hatakubali. Tarehe 26 Mei 1937 Walter Reuther na Richard Frankensteen, viongozi wa UAW, na wenzao walifika kwenye daraja la waenda kwa miguu lililovuka Miller Road hadi Lango la 4 la River Rouge, wakiwa na kibali cha kugawa vipeperushi. Wapiga picha waliwaomba wasimame, nyuma yao likionekana jina la kampuni, wakasimama wakitabasamu. Watu wa Bennett wakawatokea. Frankensteen alivutwa koti lake hadi likamfunika kichwa na mikono, akapigwa akiwa hawezi kujikinga. Reuther aliinuliwa na kubwagwa sakafuni tena na tena, kisha akatupwa ngazini. Wanawake waliobeba vipeperushi nao walipigwa. Watu wa Bennett walipowageukia wapiga picha, James Kilpatrick wa gazeti la Detroit News aliwapa sahani za kamera zisizo na picha na kuzificha zenye picha, ndiyo sababu leo tunaona kilichotokea.

Ilichukua miaka mingine 4. Mwezi wa Aprili 1941, baada ya wanachama 8 kufukuzwa, River Rouge yote ilisimama kwa mgomo wa siku 10. Kura ikapigwa mwezi wa Mei, wafanyakazi wengi wakachagua UAW, na mwezi wa Juni Ford akatia saini. Katika kampuni tatu kubwa za magari za Marekani, hii tunayoambiwa iliwapenda wafanyakazi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwakubali.

Na wale wanawake walioachwa nje 1914? Mwezi wa Juni 1968, katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, Uingereza, washonaji 187 wa vitambaa vya viti, wanawake wote, waliweka chini kazi kwa sababu walihesabiwa kuwa hawana ufundi na kulipwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanamume wa daraja lao. Viti vilipokwisha, magari yakakosa kutoka. Walirudi kazini kwa asilimia 92, na miaka 2 baadaye Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya malipo sawa.

Nawauliza wanaoandaa semina hizi: haya yote mliyapitia mkayaacha, au hamkuyasoma kabisa? Aliyekodiwa kutufundisha historia ya Ford kwa pesa ambazo tunaambiwa hazipo za kuongeza mishahara alipaswa angalau kujua jina la Reuther.

Jumamosi nilichapisha ile picha iliyopigwa na Kilpatrick, inayowaonyesha Reuther na Frankensteen wamesimama baada ya kipigo, damu ikiwa usoni na kwenye mashati, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo wa tawi letu karibu na mlango wa ukumbi, na chini yake nikaandika tarehe na mahali tu. Jumatatu asubuhi niliikuta imebanduliwa. Nimebandika nyingine.