Naomba ushauri: ushuru wa korosho ambao haujaingia benki niuandikeje kwa Kiingereza?

Habari zenu wakuu. Natunza vitabu vya AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) huku Newala, Mtwara, na mfadhili anataka taarifa ya fedha kwa Kiingereza. Korosho zimeshauzwa mnadani, ila ushuru wetu wa kila kilo, yaani ada ya chama kwa kazi yake, haujaingia benki. Mwenzangu kaandika "deferred income". Mimi najua hiyo ni pesa uliyopokea kabla ya kutoa huduma, yaani deni; yetu tumeshaifanyia kazi. Je, niandike "accrued income" (mapato uliyoyafanyia kazi ila hujalipwa wala kuyatolea ankara) au "accounts receivable" (pesa unayodai baada ya kutoa ankara), maana ankara bado hatujatoa? Na malipo ya wakulima yanayopitia akaunti yetu siwezi kuyaita "revenue" (mapato yetu), si mali yetu hata kidogo. Wahasibu, nisaidieni sentensi iliyonyooka, bodi inasaini Ijumaa.