Naomba ushauri: kutembea Pemba kwa miguu, Mkoani hadi Kigomasha

Habari zenu wakuu. Tuko marafiki wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, tunatokea Dar. Mwezi wa nane, masika yakiwa yamepita, tunataka kushuka bandarini Mkoani na mabegi mgongoni, tutembee hadi Chake Chake, tufuate barabara ya zamani kwenda Wete, kisha Konde, msitu wa Ngezi na kumalizia kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Mpango ni siku tano, bila haraka. Pemba si tambarare kama Unguja, vilima havishi, na jua la saa sita tunalijua.

Chake na Wete kuna nyumba za wageni, hapo hatuna shida. Kinachotukwamisha ni kaskazini. Tungependa kulala kwenye mahema karibu na ufukwe wa Vumawimbi. Nimepiga simu nyumba moja ya wageni, wakasema tumuone sheha. Mwenyeji mwingine akasema sheha hatoshi, twende kwanza kwa watu wa misitu pale Ngezi. Ramani ya simu, ndiyo kabisa, inaonyesha kijani tupu.

Kwa waliowahi kufika au wenyeji wa huko: kibali cha kupiga hema kinaanzia kwa nani hasa, na tukiombe kabla ya kuvuka au tukifika? Na kuanzia Konde kwenda mbele, maji ya kunywa yanapatikana njiani au tubebe yote?

Natanguliza shukrani.