Likizo ya boti la tanga visiwani mwezi wa nane, tuanzie wapi?

Habari za jumapili ndugu zangu. Tuko watu wazima sita, mwakani tunataka kukodi katamarani (boti la tanga lenye mitumbwi miwili iliyounganishwa) wiki nzima tuzunguke visiwa, sasa tumegawanyika, wengine Karibi, wengine Shelisheli na mmoja anang'ang'ania Polinesia ya Ufaransa. Likizo yetu ni Agosti tu, kazini hawatupi mwezi mwingine. Wawili wana pasi za Ulaya, sisi wengine tuna vibali vya kuishi tu. Cheti cha unahodha hakuna mwenye nacho. Mwenye uzoefu tafadhali atuelekeze.

---

Dada salama? Nimekusoma na nafurahi umeuliza mapema maana wengi huanza na picha za fukwe halafu mwezi wa mwisho ndio wanaulizana habari za upepo na viza. Mimi nasema geuzeni, upepo kwanza, karatasi za safari pili, boti ndio mwisho.

Kwa Agosti Karibi nawasihi muiache. Msimu wa vimbunga kule ni 1 Juni mpaka 30 Novemba na kuanzia Agosti hadi Oktoba ndio kilele chenyewe, ndio maana mtaona bei za boti zimeshuka mpaka mtu anatamani kulipa saa hiyo hiyo. Kimbunga Irma kilivipiga Visiwa vya Virgin vya Uingereza Septemba 2017, maboti ya kukodisha yakarundikana bandarini yamepanda juu ya mengine. Na ukiambiwa kwamba kusini zaidi huko Grenada kuna usalama, kumbuka kimbunga Beryl kilitua Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, hata kilele hakijafika. Kule nendeni kati ya Desemba na Aprili, upepo wa mashariki unavuma siku nenda siku rudi.

Shelisheli mwezi huo ni kusi, yaani upepo wa kusini mashariki. Visiwa vile vikubwa, Mahé, Praslin na La Digue, viko karibu na ikweta kwa hiyo vimbunga kwa kawaida vinapita kusini yao mbali, lakini kusi lenyewe lina nguvu na bahari inachafuka, asiyezoea atatapika siku ya kwanza, hilo msifichane. Ila ukitoka Mahé kwenda Praslin upepo unaupata ubavuni, hulazimiki kubisha (kwenda kinyume na upepo), na ukifika unajificha upande wa pili wa kisiwa, kwa mfano Anse Lazio iko kaskazini magharibi ya Praslin, kusi halikukuti. Fukwe za kusini mashariki ya La Digue mziangalie kwa macho tu mwezi huo, mikondo yake inavuta mtu. Mngekuwa na Aprili au Oktoba ningesema nendeni maleleji, yaani kipindi cha kati ya misimu ya pepo, bahari imetulia, ila tanga linaweza kulala mkaishia kwenye injini. Polinesia nayo Agosti ni kiangazi, Raiatea na Tahaa vimezungukwa na mwamba mmoja kwa hiyo mnasafiri ndani ya maji matulivu, tatizo ni umbali na nauli.

Sasa karatasi, na hapa ndipo sisi tuliumia. Tulikuwa tunaanzia Martinique, kisiwa cha Karibi, na mwenzetu mmoja alikuwa na viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), sote tukajua Martinique ni Ufaransa basi imeisha. Kumbe maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo hayamo ndani ya Schengen, viza inatakiwa iwe imeandikwa kwamba inafaa huko. Alizuiwa kaunta ya uwanja wa ndege mabegi yameshapimwa, tukaondoka bila yeye, na nafasi yake kwenye boti haikurudishwa hata senti. Mpaka leo sijasahau uso wake. Polinesia ni habari hiyo hiyo, kwa hiyo wenye vibali waulize ubalozi wa Ufaransa kabla ya kulipa chochote. Shelisheli hawadai viza kwa pasi yoyote lakini lazima muombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kuondoka, na msisahau viza ya kupitia kwenye nchi mtakayobadilishia ndege.

Jingine ambalo watu hawalijui, mkivuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa boti, mfano Union Island ambayo ni ya Saint Vincent kwenda Carriacou ya Grenada, mnaonana kwa macho lakini ni mpaka kamili. Mnapandisha bendera ya njano ya kuomba ruhusa ya kuingia nchini, nahodha peke yake anashuka na pasi za wote na orodha ya watu, nyinyi mnabaki botini mpaka mgongewe mihuri. Kwa pasi zilizochanganyika mimi ningebaki ndani ya nchi moja.

Nahodha kodini, na muhesabu chumba chake na chakula chake.

---

Shikamooni wakubwa. Kaka kamaliza kila kitu, naongeza kuhusu mwendo maana ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Boti la tanga linakwenda noti 5 au 6 tu (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), yaani maili 30 za baharini ni siku nzima, msipange visiwa 7 kwa siku 7, pangeni 3 au 4 na siku moja ya kukaa tu. Muwe mmeshatia nanga saa tisa au saa kumi alasiri, nchi za joto jua likizama giza linaingia ghafla, na matumbawe unayaona vizuri jua likiwa juu au mgongoni kwako, likiwa mbele maji yote yanang'aa huoni kitu. Nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe, na kama pana boya la kufungia boti lipieni boya. Mnyororo toeni angalau mara 5 ya kina, upepo ukizidi ongezeni.

Na dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika haikai tumboni.

---

Asanteni sana jamani, ile ya Schengen imenitia baridi maana sisi wenye vibali tungeweza kukwama vivyo hivyo. Karibi tumeifuta, kesho nawaambia wenzangu tuangalie Shelisheli. Kaka, huyo nahodha mlimpata kupitia wenye boti au mlimtafuta wenyewe?