Vim kwenye Debian: apt, AppImage au kukompaili mwenyewe?

teminali_tu: Wakuu, Vim (kihariri maandishi cha teminali) niliyoweka kwa apt (kisakinishi cha programu cha Debian) haikopi kwenda kwenye kivinjari, na kuna plagini inadai python3. `vim --version` inaonyesha `-clipboard` na `-python3`, yaani hayo mawili hayamo. Nimeambiwa dawa ni kukompaili (kuijenga mwenyewe) kutoka msimbo chanzo. Kweli?

mzizi: Haraka ya nini? `sudo apt install vim-gtk3`. Usitishwe na jina, inafunguka ndani ya teminali kama kawaida, na hayo mawili yote inayo. Masasisho ya usalama utaletewa na apt.

bash_usiku: Kwa shida hii mzizi yuko sawa. Ila Debian stable (toleo tulivu la Debian) haikimbilii matoleo mapya, ukiyataka, kompaili. Weka kwanza `build-essential`, `git`, `libncurses-dev`, `libxt-dev` na `python3-dev`, halafu:

```
git clone https://github.com/vim/vim.git
cd vim
./configure --prefix=$HOME/.local --with-features=huge \
  --enable-python3interp --enable-fail-if-missing
make && make install
```

Hiyo `--enable-fail-if-missing` watu wengi huiruka. Bila hiyo, python3-dev ikikosekana configure inapita kimyakimya, unamaliza kujenga ndipo unaona `-python3` ileile. Na kwa kuwa prefix (mahali Vim itakapowekwa) iko kwenye folda yako, sudo (haki za msimamizi) ya nini kwenye install?

faili_moja: Mbona AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) mmeisahau? Unapakua, `chmod +x`, basi. Ukichoka nayo unafuta faili. Baadhi ya mifumo itakudai maktaba ya libfuse2 kwanza.

mzizi: Nzuri kwa kuonja toleo jipya. Kwa kazi ya kila siku mimi bado ni apt, maana uliyoijenga mwenyewe apt haiitambui. Kuisasisha ni juu yako.

teminali_tu: Nimekompaili (ubishi tu). Hakuna kosa lolote, lakini `vim --version` inaleta ileile ya zamani!

bash_usiku: Andika `type -a vim`. Kama `/usr/bin/vim` inatangulia, sogeza `~/.local/bin` mbele kwenye PATH (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa). Kama ya kwako ndiyo ya kwanza, basi ni bash (shell ya teminali yako) inakumbuka njia ya zamani: `hash -r`. Na hiyo folda ya msimbo usiifute, `make uninstall` utaiendeshea humo.

teminali_tu: `hash -r` imemaliza. Zote mbili sasa ni `+`.