Naomba ushauri: nampeleka mama Dodoma kwa treni ya umeme ya SGR, ile ya express, tukitokea Mtwara tuunganishe siku hiyo hiyo au tulale Dar?

Chikongola Kwetu
Wakuu habari za jioni, wakubwa shkamooni. Mdogo wangu anamaliza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mahafali yamekaribia na mama kasema lazima awepo. Mama ana miaka 70 na ushee, ana kisukari na goti la kushoto linamsumbua, akikaa sana bila kunyoosha mguu usiku halali. Mtwara Dar peke yake ni kilomita 560 hivi, kumuunganishia tena basi mpaka Dodoma naona ni kumtesa mzazi, ndo nikawaza treni. Sasa bro mkubwa anasema basi la alfajiri linafika Mbagala saa kumi jioni, tukimbilie express ya usiku tusilipie gesti, mimi moyo unasita. Halafu hiyo express ina faida yoyote kwa mtu wa hali yake au ya kawaida inatosha? Tupo na mjukuu wake wa miaka sita.

Bint Mikindani
Laleni Dar tafadhali. Mwaka jana basi tulilopanda liliharibika tukiwa tumeshapita Nangurukuru, tukakaa pembeni ya barabara mpaka fundi akaletewa kifaa, tumeingia Rangi Tatu pale Mbagala usiku. Kuna abiria alikuwa na tiketi ya treni ya jioni, dada wa watu kalia mpaka basi. Na usisahau barabara yetu ikija mvua, Hidaya ilivyopita Mei 2024 njia ilikatika kule Somanga watu wakakwama. Treni haijui kama wewe umekwama Ikwiriri, muda ukifika inaondoka.

Pweza Mkavu
Mnamtisha bure. Nimeunganisha siku moja na nimewahi vizuri tu, gesti mbili tatu za mjini ni hela ya kula Dodoma. Muhimu upande basi la kwanza.

Bint Mikindani
@Pweza Mkavu wewe kijana unashuka na begi unakimbia, huyu ana mama mwenye goti na mtoto mdogo. Kutoka Mbagala mpaka stesheni kule mjini na foleni ya jioni unajua ilivyo, halafu ukifika kuna kukaguliwa mizigo na milango inafungwa kabla treni haijaondoka.

Mzee wa Njia ya Reli
Kijana, suala la express. Zote mbili zinatumia umeme wa waya wa juu, kilovolti 25, na spidi ya juu ni ile ile 160 kwa saa, kwahiyo usidhani moja inapaa. Tofauti ni kusimama. Ya kawaida inaweza kuingia Ruvu, Ngerengere, Kilosa, Gulwe, na kila kituo inapunguza mwendo, watu wanashuka wanapanda, ndo inyanyuke tena. Tena reli yenyewe ni njia moja yenye sehemu za kupishana, express ikitakiwa kupita mwenzake anaweza kuwekwa pembeni asubiri. Ndo maana express inatumia masaa matatu na kitu na ya kawaida inakaribia manne au zaidi. Nauli ya kawaida Dar Dodoma ilianza na 31,000 mwaka 2024, express iko juu ya hapo. Mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu. Kwa ninavyomwelewa mama yako, hiyo tofauti ya muda isikuumize kichwa, chagua treni ya asubuhi akiwa amelala vizuri, iwe express au isiwe.

Mama Zai wa Lindi
Dada/kaka mimi nauguza mama mwenye kisukari pia. Kwenye basi shida ni kuchimba dawa, yaani kujisaidia njiani, mzee anashushwa porini na goti lile, anajibana mpaka anaumwa. Kwenye treni choo kipo humo humo na anaweza kusimama akatembea korido kidogo, hilo tu linatosha kulipia treni. Siti mchukulie ambayo mguu wa kushoto ndo unatokea upande wa njia, asibanwe na dirisha, dirishani mkae na mjukuu maana baada ya Kilosa kuna mahandaki manne mtoto atafurahi. Dawa na chakula chake viwe kwenye kipochi cha mkononi sio kwenye begi la juu. Na tiketi kateni mapema mtandaoni, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Korosho na ming'oko mnaopeleka fungeni mzigo mdogo, samaki wakavu wafungwe mara mbili, lile behewa halipitishi hewa ya nje.

Chikongola Kwetu
Asanteni sana, Mungu awalipe. Nimemsomea bro majibu yote kakubali tulale Dar. Mama mwenyewe ndo kanishangaza, kakulia Nachingwea na anasema akiwa mdogo walikuwa wanakimbilia relini kuangalia treni ya karanga ikienda Mtwara.

Mzee wa Njia ya Reli
Anasema kweli, Waingereza waliijenga reli hiyo kwa ajili ya mradi wao wa karanga na bandari ya Mtwara ikatokana na huo huo mradi, miaka ya 60 mwanzoni ikafungwa reli zikang'olewa. Sisi tunasubiri hiyo ya Mtwara Mbamba Bay. Mpe mama shkamoo yangu.

Chikongola Kwetu
Zimefika mzee wangu. @Bint Mikindani nitajie mtaa wenye gesti safi ya chini, isiwe ya ngazi, karibu na stesheni, maeneo ya Gerezani.

Bint Mikindani
Nakuja inbox sasa hivi.